Kipande cha reli

Jumamosi hatimaye nimefika Amani, kule kwenye milima ya Usambara Mashariki. Nimezaliwa Muheza, nimekulia Muheza, ile milima naiona tangu nikiwa mdogo, ila kupanda huko juu ndo mara yangu ya kwanza na nina miaka 34 jamani.

Tulishukia Zigi kwenye geti la hifadhi. Nyumba ya stesheni masta ya enzi za Mjerumani bado ipo, wameikarabati sasa inapokea wageni, lakini reli yenyewe haipo. Walianza kuijenga 1904 wakamaliza 1910, reli nyembamba inachepuka Tengeni kutoka kwenye ile kubwa ya Tanga inapanda mpaka hapa, shida yao magogo. Baada ya vita ya kwanza ikang'olewa. Kaka aliyetutembeza akatuonyesha tuta lake, limefunikwa na majani ila limenyooka vile ambavyo hakuna kitu kingine kimenyooka mle msituni. Nikachuchumaa nikapapasa mawe, yameota ukoga, yanateleza, na bado yamepangana vizuri kabisa, mtu aliyapanga kwa mkono wake.

Hapo ndo moyo ulinishika. Majina ya wakubwa yapo kila mahali. Dughulushi, kaua kadogo ka zambarau kanakoota kwenye miamba, dunia nzima wanakapanda kwenye vyungu na kanaitwa Saintpaulia kwa ajili ya ofisa wa Kijerumani wa Tanga. Msambu, ambao akina mama wanaokota mbegu zake za mafuta, jina lake la kitaalamu limebeba la Stuhlmann aliyeongoza kituo cha utafiti kilichoanzishwa Amani 1902. Na waliopanga haya mawe je? Babu zetu hao! Mimi ningependa hata kibao kimoja tu pale stesheni kiwataje kwamba walikuwepo.

Juu zaidi tukakuta mtambara. Sijawahi kuona mti hivyo, mizizi imesimama kama kuta, nikaingia katikati ya kuta mbili nikaegemea, pa baridi, panatoa harufu ya udongo uliolowa, na huko juu hondohondo wanapita mabawa yanavuma kama mtu anapepeta. Huu ulikuwepo magogo ya wenzake yanashushwa kwa treni. Nilikaa pale mpaka wenzangu wakaanza kuniita.

Kwenye gari narudi ndo nikakumbuka kengele ya shule yetu ya msingi. Kipande cha reli, kimening'inizwa kwenye mwembe, tunakigonga kwa nondo. Miaka saba nimekigonga zamu kwa zamu na sikuwahi kujiuliza nani alikibeba kwa mara ya kwanza.

Nimempigia mama usiku huohuo. Anasema bado kipo, na asubuhi anakisikia mpaka jikoni.