Kipengele cha mabao 50

Mjadala mkubwa zaidi katika ligi yetu ya Football Manager, gemu ya kompyuta ya kuongoza klabu za soka, msimu huu ulihusu mkataba wa kipa. Sisi ni kundi la ndugu na marafiki tunaokutana Nyegezi, Mwanza, mwishoni mwa juma, tukiunganisha kompyuta zetu ili kila mmoja aongoze klabu yake ndani ya ligi moja, na kwa kuwa baadhi ya mashine hizo ni za zamani, tunatumia toleo la miaka iliyopita. Binamu yangu alimsajili kipa kijana kutoka klabu inayoongozwa na kompyuta kwa malipo madogo ya awali, akaongeza ahadi ya fedha nyingi ambazo zingelipwa pindi kipa huyo atakapofikisha mabao 50 ya ligi. Klabu iliyokuwa ikiuza iliihesabu ahadi hiyo kuwa sehemu ya thamani ya ofa, ikamwachia kijana. Tulipomuuliza, alijibu kwa utulivu: “Kaka, programu yenyewe imekubali. Kosa langu liko wapi?”

Swali hilo linastahili jibu la kweli, kwa sababu si kila ujanja ni udanganyifu. Kumfuata mchezaji ambaye mkataba wake umebakiza miezi sita, ukamchukua bure msimu ukiisha, ni jambo ambalo klabu za Ulaya zimekuwa zikilifanya tangu hukumu ya Bosman ya mwaka 1995, na klabu inayompoteza ilikuwa na nafasi ya kumwongezea mkataba ikashindwa. Kulipa ada kwa awamu nako ni biashara ya kawaida. Katika mambo haya yote, upande wa pili unaelewa kinachoendelea na unaweza kukataa. Kipengele cha mabao 50 ni jambo la aina nyingine kabisa. Hakuna katibu wa klabu, awe wa London au wa timu ya daraja la chini hapa Mwanza, ambaye angeisoma karatasi ile asicheke kisha akairudisha. Binamu alijitetea kwa kumtaja Rogério Ceni, kipa wa São Paulo aliyefunga zaidi ya mabao 100, na ni kweli alifunga. Lakini Ceni alikuwa mpigaji wa penalti na mipira ya adhabu, na ilimchukua miaka mingi. Kijana aliyesajiliwa Nyegezi hakuwahi kupangiwa kupiga hata penalti moja.

Soka lenyewe limejaa mianya, na historia yake inaonyesha jinsi inavyozibwa. Katika Kombe la Dunia la 1982 nchini Hispania, Ujerumani Magharibi na Austria ziliingia uwanjani Gijón zikijua kwamba ushindi mwembamba wa Wajerumani ungezivusha zote mbili. Bao lilipatikana mapema, kisha mchezo ukafa, na Algeria, ambayo ilikuwa imekwisha kumaliza mechi zake, ikatolewa. Waalgeria walilalamika na matokeo hayakubadilishwa, lakini kuanzia Kombe la Dunia la 1986 mechi za mwisho za kila kundi zinachezwa kwa wakati mmoja. Mwaka 1994, katika michuano ya mataifa ya Karibiani, bao la dhahabu, yaani lile linalomaliza mechi papo hapo katika muda wa nyongeza, lilihesabiwa kuwa mawili, na Barbados, iliyohitaji kuishinda Grenada kwa tofauti ya mabao mawili, ilijifunga kwa makusudi ili mechi iwe sare na iende katika muda wa nyongeza. Ilishinda 4-2 na kusonga mbele. Hata makipa waliokuwa wakidaka pasi za mabeki wao ili kupoteza muda hawakuvunja sheria yoyote hadi ilipobadilishwa mwaka 1992. Hivi karibuni zaidi, Chelsea ilitoa mikataba ya miaka saba na minane ili gharama ya usajili igawanywe katika miaka mingi ya hesabu, na mwaka 2023 UEFA, shirikisho la soka la Ulaya, ikaweka kikomo cha miaka mitano katika mgawanyo huo.

Kila mara palikuwa na mtu aliyeumia au aliyekerwa, akapaza sauti, na wenye mamlaka wakalazimika kusikia. Hapo ndipo ninapoona tofauti kubwa na gemu. Klabu inayoongozwa na kompyuta haipazi sauti. Haiandiki barua kwa shirikisho, wala mashabiki wake hawaandamani kwa sababu kipa wao ameuzwa kwa ahadi hewa. Watengenezaji huziba baadhi ya mianya katika toleo linalofuata, lakini kwa sisi tunaobaki na matoleo ya zamani marekebisho hayo hayafiki. Kwa hiyo kazi ambayo uwanjani inafanywa na mwamuzi, kamati na mpinzani mwenyewe, mezani kwetu inamwangukia anayecheza. Kipimo ninachokitumia ni kumweka binadamu upande wa pili: je, meneja mwenye macho, aliyeelewa ofa hii, angeikubali? Kama angeikubali kwa sababu amebanwa, huo ni ushindani. Kama mashine imeikubali kwa sababu tu haioni, basi sikumshinda mtu.

Kipimo hicho kinatusaidia pia katika suala la takwimu. Ligi Kuu ya Tanzania haimo miongoni mwa ligi ambazo gemu hii inazifungua yenyewe, kwa hiyo tunatumia faili lililotengenezwa na mashabiki kwa kihariri chake, yaani programu ya kubadilisha data za gemu, na ndiyo maana mimi naweza kuongoza Pamba na mwenzangu akaongoza Toto Africans. Kihariri hicho hicho kingeniwezesha kumpa mshambuliaji wangu 20 katika kila sifa, kwa kuwa sifa hupimwa kuanzia 1 hadi 20. Wachezaji wa zamani wa Championship Manager, gemu iliyoitangulia Football Manager, wanamkumbuka Tó Madeira, mshambuliaji hatari wa klabu ndogo ya Ureno ambaye katika soka halisi hakuwa mchezaji wa namna ile hata kidogo. Aliyemnunua bila kujua simlaumu. Lakini katika ligi yetu kila mtu anajua, na tulikubaliana kwamba faili linafungua mlango wa ligi tu, na namba za wachezaji haziguswi na yeyote.

Huenda ni kwa sababu tumekulia hapa ndiyo maana naling’ang’ania jambo hili. Mwaka 2016, TFF, shirikisho la soka la Tanzania, iliziadhibu timu nne kwa upangaji wa matokeo katika mechi za mwisho za kundi la Daraja la Kwanza, na Mbao ya Mwanza, iliyokuwa kundi hilo hilo, ikapanda Ligi Kuu. Msimu uliofuata ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho dhidi ya Simba. Bila uamuzi ule, vijana wale wasingepata nafasi hiyo. Mtu anaponiambia kwamba mbinu fulani haimdhuru yeyote, huwa najiuliza ni nani aliyekuwa nyuma yake katika msimamo.

Anayecheza peke yake chumbani ana uhuru wake. Akifungwa na akarudia mechi kutoka pale alipohifadhi, hakuna aliyedhulumiwa, ingawa naamini anajinyima sehemu bora ya gemu, yaani ule msimu mbovu unaokulazimisha kumpa nafasi kijana usiyemwamini. Katika ligi ya watu wengi, hata hivyo, kurudia mechi ni kufuta ushindi wa mwenzako. Vivyo hivyo kuongeza meneja wa pili wa bandia ili klabu yake inunue majeruhi wako kwa bei ya juu. Haya mawili tuliyapiga marufuku bila ubishi. Kipengele cha mabao kwa makipa na mabeki nacho sasa kimefungwa, na binamu amemrudisha kipa.

Kilichobaki ni kona. Katika toleo letu, ukimpeleka beki mrefu kwenye mlingoti wa karibu na ukauelekeza mpira hapo kila mara, anafunga mabao mengi kuliko mshambuliaji, na timu za kompyuta hazibadili ulinzi wao msimu mzima. Wengine wanataka mbinu hiyo ipigwe marufuku. Mimi sikubali, kwa sababu kona inayofanyiwa mazoezi ni soka halali na timu kubwa huishi kwayo. Nimependekeza iruhusiwe tunapokutana sisi kwa sisi, kwa kuwa kila mmoja wetu anaweza kuweka mtu pale mlingotini, na dhidi ya kompyuta tuwe tunabadilisha mpangilio wa kona kila baada ya mechi chache. Tutapiga kura kabla dirisha la usajili halijafunguliwa.