Diski ya laptopu inapogonga: ninavyojua kama ni kawaida au inaelekea kufa

Kitu cha kwanza ninachokagua ni kama laptopu yenyewe ina diski ya kuzunguka (HDD). SSD, yaani diski ya chipu, haina mota wala sahani, haiwezi kugonga. Kelele ikisikika, ni ya feni au ya koili kwenye bodi. Kwenye Windows hilo linaonekana ndani ya Task Manager, sehemu ya Performance: chini ya Disk 0 pameandikwa HDD au SSD.

Ikiwa ni HDD, hatua inayofuata ni kuitenganisha na feni. Feni hupanda na kushuka kufuatana na joto. Diski huzunguka kwa kasi moja, mara nyingi mizunguko 5400 kwa dakika, basi mvumo wake haubadiliki. Mimi hugusisha ncha ya bisibisi ndefu kwenye kifuniko cha diski, chini ya laptopu, na kuweka mpini sikioni. Nikibaki na shaka, nazima, natoa chaja na betri, nachomoa diski, kisha nawasha bila diski. Kelele ikiendelea, diski haina kosa.

Mvumo mwembamba ni kawaida. Mkwaruzo mwepesi unaokuja faili zinapofunguka ni kawaida pia: ni mkono wa vichwa vya kusoma data unaohama kutoka mstari hadi mstari. "Tik" moja unapozima, au laptopu ikitulia, ni vichwa vinavyoegeshwa nje ya sahani. Baadhi ya laptopu zina kihisi cha mwendo, kwa hiyo hata ukiiinua ghafla utaisikia.

Hiyo "tik" ikijirudia kutwa nzima, diski bado ni nzima lakini inajichosha bure. Mpangilio wa kuokoa umeme, yaani APM, huegesha vichwa kila vinapopata nafasi. Diski nyingi za laptopu zimekadiriwa kuegesha mara 600,000. Piga hesabu: mara mbili kwa dakika, saa nane kwa siku, ni mara 960; kikomo kinafikiwa kwa siku 625 tu. Kuizuia, kwenye Linux naandika `sudo hdparm -B 254 /dev/sda`. Kwenye Windows, CrystalDiskInfo, programu ya kukagua diski, ina sehemu ya APM. Kwa kawaida mpangilio huu hupotea kompyuta ikizimwa, kwa hiyo uwekwe ujiwashe wenyewe kila mara.

Sauti ninayoiogopa ni "tak, tak, tak" yenye mapigo sawa, kisha kimya. Hapo vichwa vinatafuta alama za njia kwenye sahani, vinazikosa, vinarudi mwanzo, vinajaribu tena, hadi diski inakata tamaa na kusimamisha mota. Mkwaruzo wa chuma kwa chuma ni mbaya zaidi: kichwa kinachimba sahani, na kila sekunde inayopita inakula data. Zima palepale, hata kwa kushikilia kitufe cha umeme. Mlio wa "pii, pii" huku diski haizunguki maana yake mota imekwama au vichwa vimeganda juu ya sahani. Ila kama diski iko kwenye kasha la nje la USB, badilisha kwanza kebo na tundu, maana umeme mdogo huleta dalili hizohizo.

Sikio peke yake halitoshi, kwa hiyo nasoma SMART, rekodi ya afya inayotunzwa na diski yenyewe, kwa CrystalDiskInfo au `smartctl -a /dev/sda`. Natazama namba ghafi, siyo lile neno la "nzuri" lililoandikwa juu. Mstari wa 05 ni sekta (vipande vidogo vya kuhifadhia data) zilizokwisha kubadilishwa, C5 zinazosubiri uamuzi, C6 zilizoshindikana kusomeka. 05 ikiwa na chache na ikatulia, naiachia diski kazi zisizo na uzito. C5 ikipanda kati ya leo na kesho, naiondoa bila mjadala. C7 ikipanda, tatizo huwa kebo au kiunganishi. CrystalDiskInfo huonyesha namba hizi kwa mfumo wa kumi na sita (hexadecimal) usipobadilisha, ndiyo maana wengi hushtuka bure.

Diski ikiwa na dalili mbaya lakini bado inasomeka, nanakili kabla ya kupima lolote. `chkdsk /r`, amri ya Windows ya kukagua diski, hailetwi hapa; inasoma sekta zote na kuandika juu ya diski inayokufa. Nawasha kompyuta kwa Linux ya USB, nahakiki majina ya diski kwa `lsblk` (ukikosea chanzo na lengo umefuta kila kitu), kisha natumia ddrescue, programu ya kunakili diski mbovu:

`ddrescue -d -n /dev/sdb picha.img rekodi.map`

Mzunguko huu huchukua yanayosomeka kwa urahisi na kuruka sehemu sugu. Baadaye narudia na `-r3` badala ya `-n`, kwa rekodi ileile. Lengo liwe na nafasi isiyopungua ukubwa wa diski nzima. Kuigandisha kwenye friji huleta unyevu juu ya sahani, na kuifungua huingiza vumbi. Vyote viwili humharibia kazi fundi wa kuokoa data.

Mbadala ni SSD ya inchi 2.5 yenye kiunganishi cha SATA. Nyingi zina unene wa milimita 7, ilhali nafasi ya diski ya zamani huwa 9.5, weka fremu ya kujazia, la sivyo itacheza na kiunganishi kitalegea.