Chui mmoja anatosha

Jumamosi, usiku

Tangu asubuhi kuna chui hanitoki kichwani. Ni mmoja wa wale aliowachora Edward Saidi Tingatinga, nimemkuta kwenye kitabu cha kuazima. Mwili kaupa ubavu, uso kaugeuzia kwangu, macho mviringo kama anashangaa nimeingiaje. Nyuma yake hakuna mlima wala jua linalozama, ni rangi moja tu. Nikimtazama napata upweke, halafu woga kidogo, halafu nacheka. (Masharubu yale, kwa kweli!)

Tingatinga hakusomea uchoraji. Alizaliwa Tunduru mwaka 1932, akaja Dar es Salaam kutafuta maisha, akaanza kuchora mwaka 1968. Mwaka 1972 polisi wakampiga risasi kimakosa, akafa. Miaka minne tu, na leo jina lake ndilo jina la mtindo mzima. Alichorea kwenye vipande vya ubao mwembamba wa kushindiliwa, kwa rangi za kopo za kupakia baiskeli. Unapaka rangi ya nyuma, unasubiri ikauke, ndipo unamweka mnyama. Ukipenda kuamini alikosa vifaa, sawa. Mimi naona alijua pa kuishia. Yule chui angezungukwa na twiga na punda milia, macho yangu yangekuwa na pa kukimbilia. Pale hayana. Tumebaki mimi na yeye.

Mchana nikaenda Oysterbay kwa mafundi wanaoendeleza kazi yake. Picha nzuri, mkono wao umetulia kuliko wa mzee, siwezi kubisha. Lakini zimejaa! Tembo, simba, faru, Kilimanjaro na Mmasai, vyote ubao mmoja. Kijana aliyekuwa akitia madoadoa kwa ncha ya brashi nilimuuliza mbona haachi nafasi. Hata hakuinua kichwa.

"Dada, mgeni analipia kazi. Akiona patupu anadhani rangi iliniishia."

Sikuwa na la kumjibu, kodi ya nyumba hailipwi kwa falsafa zangu. Nikamwomba anichoree kanga mmoja, nyuma bluu, basi. Akaniuliza kama sitaki hata mbuyu. Sitaki. Nyasi kidogo chini ya miguu? Hapana, kaka.

Bei, kasema, ni ileile.