Juu zaidi mama, bado, juu tena

Pasaka hii dada yangu alikuja na binti yake kutoka Dodoma, mtoto ana miaka minne na kitu, na njia nzima kwenye basi kaambiwa ukifika Moshi kwa mjomba utaona mlima mrefu kuliko yote Afrika. Sasa mnaijua Moshi ya mwezi wa nne. Siku tatu mfululizo mlima umejifunika, mvua, matope, ukitoka nje huku kwetu Pasua unaona mabati ya jirani, migomba, na baada ya hapo ni weupe tu mpaka juu. Kila asubuhi mtoto anatoka kibarazani anauliza mjomba uko wapi, namwambia uko pale nyuma ya mawingu, ananiangalia tu.

Siku ya nne saa kumi na mbili na nusu hivi nafungua mlango nakuta umefunguka wote. Nikambeba na blanketi lake nikamtoa nje, nikanyoosha kidole. Anaangalia, anaangalia, anasema siuoni. Nikajua bado ana usingizi. Nikachuchumaa nikaweka uso wangu sawa na wa kwake nione macho yanaenda wapi, ndo nikaelewa, alikuwa anatafuta pale juu kidogo ya mabati, kwenye ncha za migomba, maana vitu vyote vikubwa alivyowahi kuona maishani mwake vinaishia hapo. Nikamshika kidevu taratibu nikakiinua, juu zaidi mama, bado, juu tena. Alipoufikia akanyamaza kabisa. Mdomo wazi, mkono umenikamata shati.

Na kumbuka picha alikuwa nayo! Kwenye kalenda sebuleni kwangu Kibo, kile kilele cha Kilimanjaro, ipo kubwa tu, siku tatu anaipita. Macho anayo, picha anayo, na bado mlima haonekani.

Hii kitu imenikaa kichwani kwa sababu ni miaka sasa nahangaika na sura moja ya Kant, mwanafalsafa wa Kijerumani, kwenye kile kitabu chake kikubwa cha 1781, Critique of Pure Reason, sura fupi mno, kurasa chache tu, ila watu wanaibishania mpaka leo. Swali lake ni hili. Milango ya fahamu inatuletea rangi, sauti, harufu, joto. Akili nayo ina dhana zake, kitu, sababu, idadi. Hivi viwili havifanani hata kidogo, sasa vinakutana wapi? Kwa sahani anasema ni rahisi, maana uduara tunaoufikiria kwenye jiometria unauona kabisa kwenye sahani. Lakini sababu je? Hume, mwanafalsafa wa Uskoti, alishaonyesha kabla yake kwamba unaona tukio hili, halafu lile, ila ile "kwa sababu" ya katikati huioni popote. Chungulia kwenye jiko unavyotaka, utaona moto na utaona maji yanachemka, basi.

Jibu la Kant ni kwamba katikati kuna kitu cha tatu anachokiita skima, na hapa ndo wengi tunapotelea, kwa sababu tunadhani anamaanisha picha ya kichwani. Hapana. Chora pembetatu ubaoni, itakuwa na pembe butu au haina, haiwezi kuwa zote kwa pamoja, kwa hiyo hakuna mchoro hata mmoja unaotosha kuwa pembetatu kwa ujumla. Mfano wake mwingine ni mbwa. Mpwa wangu anamjua mbwa wa jirani mwenye miguu mitatu kuwa ni mbwa, hakusita hata sekunde, na sidhani ana picha yoyote ya mbwa wa miguu mitatu aliyokuwa ameiweka akiba. Alicho nacho ni utaratibu, namna ya kuunganisha anachokiona. Mi kwa lugha yangu nasema dhana ni namna ya kutafuta. Kama kile kidevu nilichokiinua.

Na kwa dhana nzito kabisa, Kant anasema kiungo ni wakati. Sababu ni mambo kufuatana kwa kanuni. Kitu ni kile kinachodumu wakati mengine yanabadilika. Siku ile ile kufika saa tatu mawingu yakarudi, mlima ukapotea wote, na mtoto hakuuliza tena uko wapi. Alimwambia mama yake, "umejifunika." Siku tatu nimemwambia maneno hayo hayo hayakumwingia.

Huu mlima wetu umeshawasumbua watu wazima kwa jambo hili hili. Tarehe 11 Mei 1848 mmisionari Johannes Rebmann, akitokea upande wa Mombasa, aliona juu ya mlima kitu cheupe akadhani ni wingu. Akamuuliza kiongozi wa msafara, akajibiwa ni baridi. Rebmann, mtu wa Ujerumani aliyekulia kwenye theluji, akajua hapo hapo ni theluji. Ila London kulikuwa na mtaalamu wa jiografia, William Desborough Cooley, hajawahi kukanyaga Afrika, akakataa kwa miaka: ikweta na theluji wapi na wapi. Sio kwamba alikuwa mjinga. Kanuni yake kwamba ikweta ni joto ni ya kweli, ila hakutaka kuiinua, na hewa inapoa kama nyuzi 6 kila ukipanda mita 1000, na kutoka hapa mjini mpaka kileleni Uhuru kwenye mita 5895 ni kama mita 5000, piga hesabu mwenyewe. Kidevu chake kilibaki chini.

Ila ninayempenda zaidi ni yule kiongozi. Jicho linaona nyeupe, neno linatoka kwenye ngozi. Kiswahili hakina shida na hilo kabisa, tunasikia baridi, tunasikia harufu, tunasikia njaa, tunaona aibu, milango yote inaingiliana. Wanaosimulia habari hii mara nyingi wanaifanya kama vile yeye hakujua na Rebmann ndo alijua, na inaniuma, kwa sababu neno lake tayari lilikuwa limeshaunganisha weupe wa mbali na kitu ambacho jicho haliwezi kukiona. Kazi ile ile ambayo Kant aliiita sanaa iliyofichika ndani kabisa ya roho ya binadamu.

Jana dada kanipigia. Anasema mawingu yakitanda tu Dodoma mtoto anatoka nje, anainua kidevu mwenyewe, anauliza mlima wa hapa utafunguka lini. Dada anataka nimwambie mtoto kwamba hapo hakuna mlima. Nimeshindwa kulala vizuri. Mawingu yakiondoka ataona anga tupu, sawa, lakini atajuaje kwamba hilo anga tupu ndo "hakuna" lenyewe, na sio mlima ambao bado hajaonyeshwa pa kuutafuta?