Kwa Thekla, bikira aliyejibatiza mwenyewe

Mkata tiketi wa stendi ya Konya alituangalia, akaangalia kompyuta yake, akauliza kwa ishara kama mimi na mwenzangu tuko pamoja. Mabasi ya masafa marefu ya Uturuki huwa hayamkalishi mwanamke ubavuni mwa mwanamume asiyesafiri naye. Siti hupangwa hivyo tangu kwenye tiketi. Mwenzangu, Sista, akacheka. "Mama Neema, sisi basi la Bukoba mpaka Dar unalaliwa begani na mwanamume usiyemjua hadi Dodoma, na nauli umelipa mwenyewe."

Sista ni rafiki yangu tangu sekondari. Siku hizi ni mtawa anayesoma Roma. Mimi ni Mlutheri wa Moshi, nimeolewa, nina watoto, na kwetu KKKT wanawake walianza kubarikiwa kuwa wachungaji miaka ya 1990. Kwa hiyo tukikutana hatukosi la kubishania. Mara hii ubishi tuliupa njia: kutoka Konya, kuvuka milima ya Taurus, hadi Silifke karibu na pwani ya Mediterania, kumfuata mtakatifu mmoja wa kale aitwaye Thekla. Marehemu bibi yake Sista alikuwa Tekla, jina lisilo geni kwenye parokia za kwetu, ingawa wengi wanaolibeba hawajui kisa chake. Kanisa Katoliki lilimwondoa Mtakatifu Thekla kwenye kalenda yake ya jumla mwaka 1969. Waorthodoksi bado wanamwadhimisha kila Septemba 24.

Konya ndiyo Ikonio ya Matendo ya Mitume. Mji wa kale umelala chini ya kilima cha Alaeddin; tramu inakizunguka, na juu yake watu wanakunywa chai chini ya miti. Wageni wengi huja hapa kwa ajili ya kaburi la Rumi, mshairi wa Kisufi, na tulipita foleni yao bila kusimama. Tulitafuta benchi kileleni, Sista akatoa simu, akaanza kunisomea Matendo ya Paulo na Thekla, maandishi ya karne ya 2 ambayo hayakuingia katika Biblia.

Thekla ni binti wa watu, ameshachumbiwa na kijana mwenye nafasi, Thamyris. Nyumba ya jirani Paulo anahubiri habari za kujizuia na ufufuo. Binti anakaa dirishani siku tatu, usiku na mchana, hali wala hanywi, mpaka mama yake Theoklia analalamika kwamba mwanawe amenasa pale kama buibui. Paulo anatiwa ndani. Usiku Thekla anavua bangili zake anampa bawabu, anampa mlinzi wa gereza kioo chake cha fedha, anaingia kuketi miguuni pa Paulo.

Sista akasimamisha kusoma. "Unaona anavyoanza? Vitu vya bibi harusi ndivyo vinavyotangulia kutoka."

Kesi inapofika kwa liwali, anayepaza sauti kwamba Thekla achomwe moto ni mama yake mzazi. Nimesoma kisa hiki mara nyingi na kila mara nimemlaani huyo mama, lakini pale kilimani, pengine kwa sababu nina binti anayekaribia umri huo, nilimsogezea kiti kidogo. Uchumba ule ulikuwa umeunganisha nyumba mbili, mali zao na heshima yao mjini. Na kwa raia wa Roma mambo yalikuwa ya kisheria kabisa: sheria za Kaisari Augusto za mwaka 18 KK na 9 BK ziliwabana kwenye urithi wanawake wasioolewa wa kati ya miaka 20 na 50. Adhabu hizo zilikuja kufutwa na Kaisari Konstantino mwaka 320. Kabla ya hapo, msichana aliyesema "siolewi" alikuwa anagusa mfuko wa ukoo na hesabu za dola kwa wakati mmoja. Mvua ya mawe ikazima moto, Thekla akapona, akamwambia Paulo kwamba atakata nywele na kumfuata.

Basi liliondoka asubuhi. Utingo alipita na chai, keki ya pakiti na manukato ya limau ya kunawia mikono, na baada ya Karaman barabara ikaanza kupanda. Huko milimani tulifika Antiokia, namaanisha Antiokia ya kwenye kisa. Mkubwa mmoja wa mji, Aleksanda, anamkumbatia Thekla barabarani kwa nguvu; Thekla anamchania joho na kumwangusha taji mbele za watu. Anatupwa kwa wanyama. Simba jike anamtetea, wanawake wa mji wanapiga kelele kwamba hukumu ni mbovu, na Thekla, akiona bwawa lenye sili, wanyama wakali wa majini, anasema sasa ndio wakati wa kuoga, anajirusha humo na kujibatiza kwa jina la Yesu Kristo. Baadaye anavaa vazi la kiume, anamkuta Paulo katika mji wa Mira, na Paulo anamwambia: nenda ukafundishe neno la Mungu.

Hapo ndipo nilipotaka tufike. Katika Agano Jipya, 1 Timotheo inasema, "Simpi mwanamke ruhusa ya kufundisha," na inaongeza kwamba ataokolewa kwa uzazi. Wasomi wengi huona barua hiyo iliandikwa na mfuasi baada ya Paulo kufa. Basi tuna Paulo wawili, mmoja anamwambia mwanamke akafundishe na mwingine anamwambia anyamaze azae, na wote wanadai urithi wa mtu yuleyule aliyewaandikia Wakorintho kwamba useja ni bora, ila "ni heri kuoa kuliko kuwaka tamaa". Paulo mwenyewe hakulazimisha. Waliomfuata ndio walioshikana mashati.

"Na Tertuliano?" Sista akaniuliza, akijua nitasema nini.

Tertuliano wa Karthago, mwandishi Mkristo wa Afrika Kaskazini, kama mwaka 200 aliandika kuhusu ubatizo na akakuta wanawake wanaomtaja Thekla kuwa ruhusa yao ya kufundisha na kubatiza. Akawajibu kwamba kitabu hicho kilitungwa na padri mmoja wa Asia, aliyekiri kwamba alifanya hivyo kwa kumpenda Paulo, akavuliwa wadhifa wake. Kilichonivutia ni kile alichokipigania. Ubikira wa Thekla haukumsumbua. Bwana huyu aliusifia ubikira kuliko wengi. Kilichomuuma ni mwanamke kusimama mbele ya watu na kumwaga maji ya ubatizo. Huyohuyo aliandika kitabu kingine kizima akitaka mabikira wajifunike, kwa kuwa baadhi yao walikuwa wakikaa kanisani vichwa wazi. Nilimtazama Sista na kitambaa chake. Tangu Konya hakuna aliyemtupia jicho; miongoni mwa wanawake wenye vilemba vyao alikuwa mtu wa hapohapo. Wa kushangaliwa nilikuwa mimi na rasta zangu.

Basi likashuka na bonde la mto Göksu, ambamo Mfalme Frederick Barbarossa alizama mwaka 1190 akielekea vita vya msalaba, na mchana tukawa Silifke. Mahali penyewe, Ayatekla, pako nje kidogo ya mji. Juu ya ardhi kimebaki kipande kirefu cha ukuta wa altare, kimesimama peke yake kwenye uwanda wa mawe, masalia ya basilika inayohusishwa na Mfalme Zeno wa karne ya 5. Pango liko chini. Unashuka ngazi, joto la nje linakatika, na unakuta kanisa lililochimbwa ndani ya mwamba: nguzo nene, taa za umeme, ukuta unaotoa jasho. Kwenye ufa mmoja palikuwa na mabaki ya mishumaa yameyeyukiana hadi kuwa donge moja, meupe, ya njano na mekundu, na juu yake mwamba ulikuwa mweusi kwa moshi. Mapokeo yanasema Thekla aliishi hapa akiponya wagonjwa mpaka uzeeni, na waganga wa mji, biashara ikiwaharibikia, wakatuma vijana wamnajisi. Mwamba ukafunguka, ukampokea.

Mwaka 384 mwanamke aitwaye Egeria, aliyetoka mbali magharibi, alifika hapa akirudi kutoka Yerusalemu. Aliandika alichokiona: makao mengi ya watawa, wanaume kwa wanawake, na ukuta mkubwa kuzunguka kanisa kwa kuwahofia Waisauri wa milimani. Akamkuta rafiki waliyejuana Yerusalemu, Marthana, shemasi, aliyekuwa akiongoza makao ya mabikira. Egeria anasema alifurahi mno. Palepale kaburini akasali, akasomewa kitabu chote cha Thekla.

"Huyu Marthana ndiye wangu," Sista alisema. "Alikuwa na cheo, alikuwa na makao ya kuongoza, na mumewe hatajwi popote."

Nikamkumbusha mtaguso wa Gangra, kaskazini mwa nchi hii hii, katikati ya karne hiyohiyo. Maaskofu walilaani wanawake waliokata nywele, waliovaa nguo za kiume na walioacha waume zao kwa kisingizio cha utawa. Yaani karibu kila alichofanya Thekla. Walilaani pia waliokataa kupokea ekaristi kwa padri aliyeoa. Upande wa pili, Roma, mtawa Joviniano alifundisha kwamba mke na bikira wana thawabu sawa, naye akahukumiwa. Jeromu, mtafsiri wa Biblia kwa Kilatini, akamjibu mwaka 393 kwa maneno makali kiasi kwamba rafiki zake walijaribu kuondoa nakala zisizidi kuenea. Kwa jinsi ninavyoona, Kanisa lilimpokea Thekla bikira na likamwacha Thekla mwalimu nje ya ukuta. Nilimwambia hivyo.

"Mama Neema, unaongea kama tulipewa useja ili tunyamaze. Mimi nimefundisha kemia kidato cha nne, wavulana watupu, na hakuna aliyeniambia nifunge mdomo."

"Kemia, Sista. Homilia je, mahubiri ya misa?"

"Homilia hapo umenishika." Tulikuwa tumeshapanda daladala yao ya kwenda Taşucu. Akapanga kitambaa chake, akanigeukia. "Ila na wewe niambie. Wiki hii uko Uturuki. Nani anapika kwako?"

"Dada wa kazi."

"Naye ameolewa?"

Nikasema hajaolewa. Akasema basi kwenye hesabu zangu za uhuru wa wanawake walioolewa nimwingize na huyo, na tulishuka bandarini tukiwa bado tunazipigia kelele.