Jiwe la Theodotos

Somo la wiki: Matendo ya Mitume 6:1–10

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe.

Sunagogi likitajwa kwenye mahubiri yetu, ujue ugomvi unakuja. Yesu anaponya mtu siku ya sabato, wakubwa wananuna. Paulo anahubiri, wanamtoa nje. Somo la wiki hii nalo liko hivyo hivyo. Stefano anasimama, na watu wa sunagogi la Mahuru, pamoja na Wakirene, Waiskanderia na wale wa Kilikia na Asia, wanaanza kujadiliana naye. Mwisho wake tunaujua. Ila kabla hatujayafikia mawe yaliyomwua Stefano, naomba tukae kidogo na jiwe jingine.

Mwaka 1913 na 1914 Mfaransa mmoja, Raymond Weill, alikuwa akichimba Yerusalemu, kusini mwa mlima wa Hekalu, mahali paitwapo Mji wa Daudi. Ndani ya birika la kale, katikati ya mawe ya majengo yaliyobomoka, akakuta jiwe la chokaa lenye mistari 10 ya Kiyunani. Kwa maneno yangu linasema hivi: Theodotos mwana wa Vettenos, kuhani na mkuu wa sunagogi, mwana wa mkuu wa sunagogi, mjukuu wa mkuu wa sunagogi, alijenga sunagogi kwa ajili ya kusoma Sheria na kufundisha amri, akajenga na nyumba ya wageni, na vyumba, na mahali pa maji, wapate kufikia humo watu watokao ugenini wenye kuhitaji. Msingi wake uliwekwa na baba zake, na wazee, na Simonides.

Wataalamu wamebishana sana juu ya umri wa jiwe hili, lakini wengi wao wanaliweka kabla ya mwaka 70, Warumi walipoliteketeza Hekalu. Kama ndivyo, basi Petro na Yohana wakipanda kwenda kusali saa tisa, nyumba hii ilikuwa hapo jirani, ina watu.

Na watu wenyewe ni akina nani? Vettenos ni jina la Kirumi. Mtumwa wa raia wa Roma akiachwa huru alichukua jina la ukoo wa bwana wake, kwa hiyo wapo wanaoona kwamba familia hii ilipitia utumwani. Jemadari wa Kirumi Pompeius alipoiteka Yerusalemu mwaka 63 KK, alipeleka mateka Roma. Philo, Myahudi wa Aleksandria aliyeishi zama za Yesu, anaandika kwamba wengi wa Wayahudi waliokaa Roma ng'ambo ya mto Tiber walikuwa mateka wa namna hiyo, walioachwa huru na mabwana zao. Mahuru, kama Luka, mwandishi wa Matendo, anavyowaita. Wengine wamekwenda mbali zaidi wakasema hili ndilo sunagogi lenyewe la Matendo 6:9. Jiwe halisemi hivyo, nami sitalilazimisha. Yatosha kwamba ni watu wa aina ile ile: Wayahudi waliorudi mjini kwa baba zao wakiwa na majina ya kigeni na lugha ya kigeni. Na hapo Yerusalemu, karibu kabisa na Hekalu, kumbukumbu yao waliichonga kwa Kiyunani.

Soma tena ule mpangilio. Sheria, amri, nyumba ya wageni, vyumba, maji. Vyote vimo ndani ya sentensi moja. Hakuna mahali ambapo mchongaji anapumua kwanza ndipo aseme, "pia tuna huduma za kijamii." Kazi ya kusoma Torati na kazi ya kumpa mtu kitanda vimejengwa na mkono mmoja, kwa fedha moja, na vimeandikwa kwa pumzi moja.

Mfikirie mgeni mwenyewe. Pasaka, Pentekoste na Vibanda viliwaleta watu Yerusalemu kutoka kila upande. Philo anasema ni maelfu kwa maelfu, wengine kwa nchi kavu, wengine kwa bahari. Mtu katoka Kirene, pwani ya Libya. Kavuka bahari, kapanda milima ya Yudea kwa miguu, nguo zimejaa vumbi, Kiaramu hakijui. Tena hawezi kuingia Hekaluni hivi hivi. Sharti ajitakase kwa maji kwanza. Anapofika kwa akina Theodotos anasikia Kiyunani, anaonyeshwa chumba, anaonyeshwa mahali pa maji. Jumamosi anasikia Musa akisomwa. Mtu aliyebuni jengo lile alijua safari ni nini. Nadhani babu zake walimsimulia.

Hawakuwa peke yao. Sunagogi la Ostia, bandari ya Roma, lilifukuliwa mwaka 1961 wakati wa kujenga barabara ya uwanja wa ndege, na ndani yake wakakuta chumba chenye tanuri. Kule Stobi, Makedonia, yupo Klaudio Tiberio Polykharmos, aliyechonga kwenye nguzo kwamba ametoa sehemu ya nyumba yake iwe mahali patakatifu, pamoja na ukumbi wa kulia chakula, kwa gharama zake mwenyewe bila kugusa fedha za sadaka. Vyumba vya juu, anaongeza, vinabaki vyangu na warithi wangu! Na atakayebadilisha mapatano haya atalipa faini ya dinari 250,000. Mtu huyu nampenda bure. Anamtolea Mungu, na hati yake anaiandika vizuri kabisa ili wajukuu wasije wakagombana na kanisa, samahani, na sunagogi. Na kule Akmonia, Frigia, katika Uturuki ya leo, nyumba ya Wayahudi ilijengwa na Julia Severa, mwanamke mkubwa wa mji aliyekuwa kuhani katika ibada ya Kaisari. Ukimkumbuka yule akida wa Kapernaumu, mkuu wa askari asiye Myahudi, ambaye wazee walimsemea kwa Yesu kwamba "alitujengea sunagogi" (Luka 7:5), utaona Luka hakuandika jambo la ajabu kwa wakati ule.

Sasa rudi kwa Stefano. Sura ya 6 inaanza na wajane wa Wayahudi wa Kiyunani waliosahauliwa katika huduma ya kila siku. Waliosahau ni sisi, kanisa, tukiwa bado wachanga na tumejaa Roho. Halafu kwenye mstari wa 9 wanatokea watu wa masunagogi ya wageni, na tunawachora mara moja kuwa maadui wa kheri. Sidhani kama ni haki. Wale waliobishana na Stefano yawezekana ndio waliowatandikia mahujaji vitanda juma lile lile. Walilipenda Neno, walilisoma kila sabato, waliwajali wasafiri, na hata hivyo hawakustahimili kumsikiliza mtu mmoja wa kwao akisema jambo jipya. Hilo linanitisha kuliko kama wangekuwa watu wabaya tu.

Na imani yetu yenyewe imetembea kwa desturi yao hiyo ya kupokea. Akila na Priskila walikuwa Wayahudi waliofukuzwa Roma kwa amri ya Kaisari Klaudio. Paulo akafika Korintho, akakaa kwao, wakashona mahema pamoja. Safari yake ya mwisho kwenda Yerusalemu alifikia kwa Mnasoni wa Kipro, mwanafunzi wa zamani (Matendo 21:16). Hatusikii Mnasoni akihubiri popote. Alikuwa na chumba.

Makanisa yetu nayo yana mawe. Marumaru nyeusi, herufi za dhahabu: jiwe hili la msingi limewekwa na mheshimiwa fulani, mgeni rasmi, tarehe fulani. Sina neno na majina. Theodotos naye kaandika lake, la baba yake na la babu yake. Nauliza tu mstari unaofuata jina unasema nini. Wagonjwa wanaoletwa mjini na rufaa ya hospitali kubwa wanakuja na ndugu wa kuwauguza, na hao ndugu wengi usiku wanalala barazani na khanga moja. Kumbi zetu usiku huo zina kufuli.

Katika jumuiya wiki hii tusome Matendo sura ya 6 na ya 7 kwa mfululizo, bila kuruka hotuba ya Stefano kwa sababu ni ndefu. Tuwaombee walio safarini na wanaouguza ugenini, kwa majina kama tunayajua. Na wazee wa kamati ya ujenzi, kabla ramani ya ukumbi mpya haijapelekwa kwa fundi, naomba tuitazame tena pale nyuma, palipoandikwa "stoo", tuone kama vitanda vinne na bomba la maji haviwezi kuenea.