Nilivyoacha kukariri fomula za trigonometria

Nilikuwa na karatasi nzima ya fomula, nimeibandika ukutani mbele ya meza. Naikariri kila siku, swali likija nakwama palepale: ni 1 + tan²x au 1 − tan²x?

Kilichonikwamua ni pembetatu mraba niliyoichora mwenyewe, pande zake 3, 4 na 5. Kwa ile pembe x iliyotazamana na upande wa 3, sin (upande unaotazamana na pembe, gawanya kwa upande mrefu) ni 3/5 na cos (upande ulio kando ya pembe, gawanya kwa upande mrefu) ni 4/5. Nikazipandisha kwenye mraba: 9/25 na 16/25. Jumla yake 25/25, yaani 1. Nikacheka peke yangu. Kumbe sin²x + cos²x = 1 ni Pythagoras yuleyule wa siku zote, kagawanywa tu kwa mraba wa upande mrefu! Ukigawanya kote kwa cos²x unapata 1 + tan²x = sec²x, maana tan ni sin/cos na sec ni 1/cos. Gawanya kwa sin²x, inatoka ile ya cot (cos/sin) na cosec (1/sin). Karatasi nikaibandua.

Nikarudi kwenye swali lililokuwa likinitesa: 2cos²x + 3sin x = 3, x ikiwa kati ya nyuzi 0 na 360. Zamani nikiona sin na cos humo humo naduwaa. Sasa natafuta yenye mraba, maana hiyo ndiyo inayobadilishika. Mahali pa cos²x naweka 1 − sin²x, napanga upya: 2sin²x − 3sin x + 1 = 0. Huo ni mlinganyo wa kwadratiki, hauna maajabu. (2sin x − 1)(sin x − 1) = 0, kwa hiyo sin x ni ½ au 1, na x ni 30, 90 na 150. Hiyo 150 nimeiacha mara nyingi mno; kikokotoo kinakupa 30 halafu kinanyamaza. Siku hizi nachora duara kwanza, nione pembe zote zenye sin hiyo.

Lakini kosa lililonila alama kuliko yote lilikuwa la kukata. Kwenye 2sin x cos x = sin x, x ikiwa kuanzia 0 hadi 360, nilifuta sin x pande zote, nikabaki na cos x = ½, nikaandika 60 na 300 kwa madaha. Sikujiuliza kama hiyo sin x niliyoigawanya ingeweza kuwa sifuri. Ukiihamishia kushoto, inakuwa sin x(2cos x − 1) = 0, na hapo 0, 180 na 360 nazo zinajitokeza. Majibu matano, mimi nilikusanya na mawili.